Bekari ya kuni inataka kupanda kutoka mifuko 5 hadi 10 kwa usiku: umeme, gesi au kuni bora? Leteni hesabu

Mkate_Moto (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu kila wiki tunabishana kuhusu nishati safi na uchumi. Mmoja anasema viwanda kwanza, mwingine anasema misitu inaisha, uzi unafika kurasa kumi na hakuna aliyeweka namba. Leo naomba tubishanie kitu kimoja tu kinachoshikika: bekari ya mtaani upande wa Tandika.

Inaoka mifuko 5 ya ngano kwa usiku, yaani kilo 250. Oveni ni ya matofali, moto wa kuni. Oda zilizopo zinatosha mifuko 10, ila oveni imefika mwisho. Njia zilizo mezani ni kujenga oveni ya pili ya kuni, kununua ya umeme, au ya gesi ya mitungi. Kuna anayeshauri sola, kuna anayeshauri jenereta.

Nataka kujua gharama kwa kilo ya mkate, umeme ukikatika inakuwaje, na kitu gani huharibika mara nyingi. Stori za "mimi jirani yangu alinunua" tuziweke pembeni. Karibuni.

---

Mzee_wa_LUKU

Mkuu, tuanze na umeme, maana ndio watu wanaouogopa bila kuupigia hesabu.

Kilo 1 ya unga hutoa takribani kilo 1.3 za mkate uliooka. Mifuko 10 ni kilo 500 za unga, kwa hiyo mkate ni kilo 650. Oveni nzuri ya umeme, milango inabana na inajazwa trei zote, inatumia karibu yuniti 0.4 kwa kilo ya mkate. Ikiendeshwa nusu tupu inapanda hata 0.6. Tuchukue 0.4: yuniti 260 kwa usiku. Ongeza 25 za mashine ya kukandia, taa na feni. Usiku 26 za kazi kwa mwezi zinaleta karibu yuniti 7,400.

Hapo ndipo pa kutuliza kichwa. Kundi la bei la T1 linaishia yuniti 7,500 kwa mwezi. Ukivuka unaingia T2. Bei za EWURA (mdhibiti wa nishati) za 2016 ni hizi, kabla ya kodi na tozo:

T1: shilingi 292 kwa yuniti, basi.
T2: shilingi 195 kwa yuniti, jumlisha 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha mzigo) ya kilele cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote uliovuta mwezi huo, jumlisha 14,233 ya huduma.

Yuniti 7,400 kwa T1 ni 2,160,800. Kwa T2, kama kilele chako ni kVA 60, ni 1,443,000 + 900,240 + 14,233 = 2,357,473. Umelipa zaidi kwa karibu laki mbili ingawa yuniti ni ya bei rahisi! Lakini ukishusha kilele hadi kVA 45, T2 inakuwa 2,132,413, chini kidogo ya T1.

Mtu wa T2 bili yake inaamuliwa na saa moja mbaya ya mwezi. Ukiwasha oveni zote zikiwa baridi kwa wakati mmoja huku mashine ya kukandia inazunguka, umeshalipia huo mwezi. Washa deki moja (ngazi moja ya oveni), subiri dakika 20, washa nyingine. Kanda unga oveni zikiwa zimeshashika joto, kwa sababu oveni iliyopata moto hujizima na kujiwasha yenyewe.

Juu ya hizo bei weka VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA 1%. Yuniti ya T1 inatua kwenye shilingi 356.

---

HesabuTu

Naongezea kwa anayewaza mbali. Bekari hiyo ikija kufika mifuko 20, yuniti ni 14,800 kwa mwezi. Ikioka saa 10 kwa mpangilio badala ya kubana kila kitu kwenye saa 5, kilele kinaweza kubaki kVA 60. T2 hapo ni shilingi 3,800,473, sawa na shilingi 257 kwa yuniti. Uzalishaji umepanda mara mbili na yuniti imeshuka kutoka 292. Kuni haziwezi kukufanyia hivyo. Kadiri unavyohitaji kuni nyingi ndivyo gari linavyozifuata mbali zaidi.

---

PatoKwanza

Wakuu mnahangaika bure. Afrika nzima inatoa takribani asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Ulaya walijenga uchumi kwa makaa ya mawe miaka 150, leo bekari ya Tandika ndiyo iokoe dunia? Mtu ajenge oveni ya pili ya matofali, aajiri vijana watatu, uchumi ukue. Mambo ya usafi yatakuja tukishashiba.

---

Bwawa_2115

@PatoKwanza hoja ya asilimia 4 ni ya kweli, ila kwenye meza ya mwenye bekari haina kazi. Yeye hapiki ili aokoe dunia, anataka kilo 650 zitoke kabla ya saa 11 alfajiri. Kama umeme unamtolea kwa bei ile ile bila moshi kwa waokaji na majirani, hoja ya Ulaya inakuwa ya kijiweni.

Na hali ya nchi imebadilika. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Bwawa hilo peke yake ni kubwa kuliko mahitaji ya kilele ya nchi nzima yalivyokuwa wakati huo. Kuna Kinyerezi na Ubungo za gesi asilia pia. Umeme wa kuuza upo, na bekari zinazofanya kazi usiku wa manane ni wateja ambao gridi inawahitaji, kwa sababu saa hizo mzigo uko chini.

Tatizo limehamia mwisho wa waya. Transfoma ya mtaa imebeba nyumba mara mbili ya ilivyopangiwa, nguzo zimevutwa mbali, umeme unafika umechoka. Hapo ndipo ukuaji wa viwanda vidogo Dar unapokwama, na ndipo pesa za serikali zinapotakiwa kuelekezwa kabla ya mradi mwingine wenye utepe wa kukata.

---

Fundi_NjiaTatu

Bwawa_2115 kagusa penyewe. Watu hawajui jinsi oveni ya waya za moto inavyoumizwa na voltaji ndogo. Nguvu ya joto inafuata voltaji mara yenyewe. Voltaji ikishuka kutoka 230 hadi 200, unabaki na asilimia 76 tu ya joto. Oveni ya kilowati 24 inakuwa ya 18. Mkate wa dakika 25 unakaa zaidi ya 30, unakauka, ganda linakuwa gumu, mwokaji analaumu unga.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua mita, pima voltaji ya kila fezi saa 2 usiku na saa 9 usiku kwa wiki nzima. Kama saa 9 usiku iko juu ya 220 na saa 2 iko 195, jibu lako ni ratiba, wala huhitaji transfoma mpya.

Vipimo vya waya, umeme wa njia tatu:

Oveni ya deki 3, kilowati 24, inavuta ampea 35 kwa kila fezi. Waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, breka ya ampea 50.
Oveni ya kuzunguka yenye gari la trei, kilowati 60, ampea 87. Waya wa 35, breka ya 100.
Umbali kutoka mita ukizidi mita 30, panda saizi moja.

Mahali panapoungua ni kwenye skrubu za kuungia waya wa moto. Fundi anatumia waya wa kawaida wa plastiki ndani ya oveni, plastiki inalainika, skrubu inalegea, cheche zinaanza, mwisho fezi moja inakatika na deki moja inaoka upande mmoja. Ndani ya oveni tumia waya wenye ganda la nyuzi za kioo au silikoni, viungio vya kauri, na kaza skrubu tena baada ya wiki ya kwanza ya moto. Baada ya hapo kila miezi mitatu.

Mashine ya kukandia iwekewe kifaa cha kukata mota fezi moja ikipotea. Mota ya njia tatu ikibaki na fezi mbili huku kuna kilo 80 za unga ndani, dakika chache tu inanuka. Kifaa chenyewe ni bei ya kawaida ukilinganisha na kusuka mota upya.

Na kazi ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA. Maombi ya njia tatu unaanzia mtandaoni kwenye NIKONEKT, mfumo wa maombi wa TANESCO. Kwenye fomu andika mzigo wote wa siku za usoni, usiandike wa leo. Ukiomba kilowati 20 halafu baadaye unataka 60, unaweza kurudi mwanzo kwa waya na mita.

---

Dada_Kurasini

Samahani kaka zangu, gesi mbona mmeiruka? Bekari nyingi mpya wanafunga za gesi.

---

Mtungi_38

Hatujairuka dada, nilikuwa naandika.

Kilo 1 ya gesi ya mtungi ina joto la yuniti 12.8. Oveni ya gesi inapoteza sehemu kwenye bomba la moshi, kwa hiyo chukua yuniti 0.6 kwa kilo ya mkate. Kilo 1 ya gesi inaoka kilo 21 za mkate. Mifuko 10 ya ngano inakula kilo 30 au 31 za gesi kwa usiku, yaani karibu mtungi mzima wa kilo 38.

Kulinganisha na umeme ni rahisi. Mkate huo wa kilo 21 ungekula yuniti 8.5 za umeme, kwa 356 ni shilingi 3,000 na ushee. Basi gawanya bei ya mtungi unaoletewa mlangoni kwa kilo zake. Ikizidi 3,000 kwa kilo, umeme wa T1 umeshinda kwenye bei. Ikiwa chini, gesi imeshinda. Kwa T2 ya shilingi 257 aliyoitaja HesabuTu, ukiongeza kodi na tozo, mpaka unashuka hadi karibu 2,660.

Sasa kinachowatesa watu wa gesi: mtungi kuganda. Bana (kichomeo cha gesi) ya kilowati 60 inavuta kilo 4.7 kwa saa. Mtungi mmoja wa kilo 38 kwa joto la Dar unatoa kilo 1 hadi 1.5 kwa saa kwa mfululizo. Ukiulazimisha, gesi ya ndani inapoa, mtungi unaota umande na hata barafu, presha inashuka, moto unageuka njano na kuacha masizi kwenye mkate. Watu wanadhani gesi imeisha, wanarudisha mtungi ukiwa na kilo 10 ndani! Funga mitungi 4 kwenye bomba moja inayotumika pamoja, na 4 mingine ya akiba upande wa pili, katikati valvu ya kubadilishia.

Usilaze mtungi. Ukilala, gesi ya maji inaingia kwenye regulata. Mitungi ikae nje, kwenye kivuli chenye wavu, mbali na mtaro na chemba, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini kutafuta shimo. Viungio vyote vipimwe kwa povu la sabuni kila mara mtungi unapobadilishwa. Kiberiti hakipimi kitu. Na Zimamoto waje wakague kabla hujaanza, usingoje waje wenyewe.

---

Wazo_Hill_Rd

Kwa aliye karibu na bomba la gesi asilia, hesabu ni nyingine kabisa. Gesi ya Songo Songo inafika Dar tangu 2004, na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kinaitumia kuchomea. Bomba kutoka Mtwara likakamilika 2015. Lakini kuvuta tawi hadi Tandika kwa ajili ya bekari moja hakuna atakayekubali. Wakiungana watumiaji wakubwa wa mtaa mmoja, TPDC, shirika la petroli la taifa, wana cha kujadili.

Angalizo kwa mafundi: bana ya gesi ya mtungi haiwashwi kwa gesi asilia bila kubadilisha nozeli. Gesi asilia ina joto kidogo kwa kila mita ya ujazo, chini ya nusu ya ile ya mtungi, kwa hiyo tundu lazima liwe kubwa zaidi. Kinyume chake ni hatari: nozeli ya gesi asilia ukiipelekea gesi ya mtungi inatoa ndimi za moto mlangoni.

---

Mti_Mkavu

Mmeizika kuni kabla haijafa. Nitaitetea kidogo.

Kuni si mkaa. Ukichoma mkaa kwa tanuri la udongo, kilo 5 hadi 10 za mti zinakupa kilo 1 ya mkaa, joto jingi limebaki porini. Kuni za mashamba ya kupandwa, mikaratusi au misindano, zikipandwa tena baada ya kukatwa, mwenye bekari hana kesi ya kujibu. Kesi ni ya kuni zisizojulikana zilikotoka.

Na bekari nyingi zinachoma maji. Kuni mbichi nusu ya uzito wake ni maji, inatoa megajuli 8 kwa kilo. Ikikauka hadi asilimia 20, inatoa 14 au 15. Unanunua gari lile lile, unapata karibu mara mbili. Pasua ziwe unene wa mkono, panga chini ya bati, zisiguse ardhi, upepo upite, miezi mitatu kabla ya masika. Ukigonga vipande viwili vikalia kavu, tayari.

Oveni yenyewe: weka kizuizi cha joto juu ya kuba. Watu wanaweka mchanga na chokaa, afadhali majivu makavu sentimita 20 na tofali juu. Chini ya sakafu vivyo hivyo. Mlango wa chuma wa karatasi moja tu unapitisha joto kama hakuna mlango.

Mbao za kreti za bandarini ni marufuku kwenye oveni ambayo moto unaingia mahali mkate unapokaa. Zingine zina rangi, zingine zimepakwa dawa za wadudu. Moshi wake unakaa kwenye mkate.

Pumba za mpunga zilizoshindiliwa ni nzuri na za bei ndogo, ila joto la baadhi ya shehena ni chini ya kuni kavu, na majivu yanafika asilimia 20. Yanaweza kushikana kwenye chuma cha wavu. Lazima uyatoe kila usiku.

---

PatoKwanza

@Mti_Mkavu angalau wewe unaongea Kiswahili cha mfukoni. Sasa moshi je, kama mtaa umejaa watu?

---

Mti_Mkavu

Kuni kavu na bomba la moshi lenye urefu wa kupita paa la jirani vinapunguza sana, haviumalizi. Kwa mtaa uliobanana kama Tandika au Manzese, oveni ya pili ya kuni ningeikataa mimi mwenyewe. Ya kwanza ningeitengeneza na kuibakisha.

---

Jua_la_Kaskazini

Sola kwa ufupi, kwa sababu bekari ni mteja mbaya wa sola. Inaoka usiku.

Paneli 18 za wati 550 ni kilowati 9.9. Kwa Dar tegemea wastani wa yuniti 40 kwa siku, mawingu ya masika yakihesabiwa. Dhidi ya yuniti 285 za usiku ni asilimia 14, na hizo zinakuja mchana. Ukitaka kuziokea usiku unanunua betri, na betri za kuendesha oveni zinaweza kuzidi bei ya oveni yenyewe. Achana nayo.

Sola inafaa kama mchana kuna kazi: keki, skonzi za jioni, friji, kufunga mikate. Paneli zielekee kaskazini, mlalo wa digrii 10 ili mvua iteleze na vumbi. Zisiwe karibu na bomba la moshi wa kuni, masizi yanakula umeme kimya kimya. Karibu na bahari tumia boliti za chuma kisichoshika kutu, za kawaida mwaka mmoja zimeshalia. Na ujue inveta isiyo na betri inajizima gridi ikikatika, hata kama jua linawaka. Imeundwa hivyo ili fundi wa nguzo asiuawe.

---

Jenereta_Kimya

Kukatika kwa umeme sasa. Usiendeshe oveni ya umeme kwa jenereta. Lita 1 ya dizeli kwenye jenereta inatoa kama yuniti 3. Yuniti 260 ni lita 87. Oveni yenye bana ya dizeli ingeoka mkate ule ule kwa lita 39. Umechoma dizeli mara mbili ili ujiite wa umeme.

Jenereta iwe ya mashine ya kukandia, feni na taa. Mota ya kilowati 5.5 ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara 6 ya ampea zake, kwa hiyo jenereta ya kVA 15 na kiwashio cha hatua.

Kinachoharibika umeme ukikatika ni unga uliokwisha kuumuka. Mkate ulioko ndani ya oveni ukifunga mlango mara nyingi unapona. Kwa hiyo usikande mifuko 10 kwa mkupuo, kanda mmoja mmoja kwa kufuatana na nafasi ya oveni. Na ubaridishe unga. Hesabu ya waokaji: joto unalotaka la unga mara 3, toa joto la ngano, toa la chumba, toa joto linaloletwa na mashine. Mfano: 27 mara 3 ni 81, toa 30, toa 31, toa 12, inabaki 8. Maji yako yawe ya digrii 8, maana yake barafu. Hamira kavu ishuke kutoka asilimia 1 ya unga hadi 0.6. Unapata saa moja na zaidi ya kungoja umeme bila unga kuchacha.

---

Mkate_Moto

Nimekaa na kalamu. Kwa hiyo mnasema: oveni ya kuni ibaki na ikarabatiwe, mifuko 5 ya nyongeza iende kwenye umeme, deki 3 za kilowati 24?

---

Mzee_wa_LUKU

Ndiyo, na angalia faida iliyojificha. Mifuko 5 kwa umeme ni yuniti 130 kwa usiku, ukiongeza mashine ni kama 4,000 kwa mwezi. Unabaki T1 bila wasiwasi wa kilele. Kilowati 24 kwa saa 6 ni yuniti 144, inatosha. Umeme ukikatika, kuni zipo. Kuni zikipanda bei, unasogeza mfuko mmoja mmoja kwenda umeme hadi ukaribie 7,500, ndipo uongee na TANESCO kuhusu T2.

---

Fundi_NjiaTatu

Ila waya vuta wa 35 tangu sasa. Kubadilisha breka ni nusu saa, kubomoa ukuta ni kesi.

---

HesabuTu

Na kabla hujanunua: pima kuni kwa mizani usiku saba mfululizo, andika kilo za kuni na kilo za mkate uliotoka, ule ulioungua usihesabu. Ikija chini ya kilo 0.6 ya kuni kwa kilo ya mkate, oveni yako ni nzima. Ikija juu ya 1, anza na majivu na mlango aliyosema Mti_Mkavu. Lete namba hapa, tutakupigia bei kwa kilo.

---

Mkate_Moto

Mizani ya kilo 150 ipo. Usiku wa saba nitaweka jedwali.